Kosa na Mkosaji

Kuna swali moja ambalo limenikaa moyoni kwa miaka kadhaa, nalo ni hili: mtu akimdhulumu mwenzake kwa kutojua, je, ana hatia? Wapo watakaojibu haraka kwamba asiyejua hana kosa. Wapo pia watakaosema kwamba dhuluma ni dhuluma, hata ikitendwa na mwenye nia njema. Mimi zamani nilikuwa upande wa wale wa kwanza. Kilichonitoa huko hakikuwa kitabu wala mahubiri. Ilikuwa kompyuta moja kuukuu niliyoifungua kwa bisibisi juu ya meza ya kulia chakula, nyumbani kwangu mjini Shinyanga.

Kompyuta hiyo ilikuwa na historia yake. Kabla ya kuja kwangu ilikuwa mali ya chama cha kuweka na kukopa katika mji mmoja wa wachimbaji upande wa Geita, ambako nilifanya kazi kwa miaka mingi na kuwa mjumbe wa kamati. Wanachama wetu walikuwa wachimbaji wadogo, mama lishe, mafundi cherehani na wenye maduka. Mashine ile tuliinunua Mwanza ikiwa imekwisha kutumika Ulaya, nasi tuliiona kuwa maendeleo makubwa. Chama kilipopata mpya mwaka 2013, ile ya zamani ilitupwa stoo, na nilipostaafu niliomba nipewe. Nikaileta Shinyanga, ikakaa chini ya kitanda. Mwaka 2016 mjukuu wangu alipotaka kujifunza kupiga chapa, nikaikumbuka.

Nilipoichomeka ukutani feni ilizunguka, lakini kioo kilibaki cheusi. Mashine ikatoa mlio mrefu, ikanyamaza, kisha ikautoa tena. Nikashika bisibisi. Nilikuwa tayari na hukumu yangu kwamba ule ubao mkubwa wa ndani, ambao vipande vyote vimechomekwa juu yake, ulikuwa umekufa. Jirani yangu alikuwa na kijana fundi, akaja kunitazama. Akanishika mkono.

"Mzee, usifungue bado," akasema. "Sikiliza kwanza. Inakwambia inapoumwa."

Mlio ule, alinieleza, si kelele tu. Watengenezaji huiwekea mashine namna ya kutoa taarifa hata kioo kisipoonyesha kitu, na mlio mrefu unaorudiwa mara nyingi huhusu kumbukumbu, yaani vile vipande vyembamba ambavyo kompyuta huweka juu yake kazi inayofanya kwa wakati huo. Tulipofungua tulikuta vipande viwili. Mimi nilitaka kuvitoa vyote pamoja, nipulize vumbi na nibadilishe waya wa umeme papo hapo, ili tumalize. Kijana akakataa. Ukigusa mambo matatu kwa mara moja, alisema, na mashine ikapona, hutajua ni lipi lililoiponya. Na isipopona, hutajua kama hukuongeza ugonjwa mwingine. Gusa kimoja, washa, tazama. Na kipande utakachokiona hakina kosa, kirudishe mahali pake.

Ukingo wa kipande cha kumbukumbu umepangwa vijino vidogo vya rangi ya njano. Nilivitazama, nikauliza kama ni shaba. Kumbe ni dhahabu, utando mwembamba sana uliopakwa kwa sababu dhahabu haishiki kutu. Nilicheka. Nimeishi miaka mingi kati ya watu walioteremka mashimoni kuitafuta, na sikujua kuwa nilikuwa nayo chini ya kitanda. Dhahabu yenyewe haikuwa na kosa, ila ilikuwa imefunikwa na uchafu wa miaka mingi. Tukausugua polepole kwa raba ya kufutia ya mtoto wa shule, tukapangusa, tukakichomeka. Mlio ukakoma. Kioo kikawaka.

Hapo ndipo shauri langu lilipoanza hasa, kwa maana juu ya kioo kile yalitokea maneno ya Kiingereza yakitaka mtu abonyeze F1 ili aendelee. Nilipobonyeza na mashine ikawaka yote, tarehe iliyoonekana pembeni ilikuwa 1 Januari 2003. Kijana hakushangaa. Akanionyesha betri ya mviringo iliyo juu ya ule ubao mkubwa, sawa na sarafu kwa umbo, ambayo kazi yake ni kuilinda saa ya mashine wakati hakuna umeme. Ikiwa nzima huwa na volti 3. Alipoipima kwa mita haikufika hata 1. Umeme ukiwapo ukutani, alisema, mashine hupata kiasi kidogo hata ikiwa imezimwa, na saa huenda vizuri. Ukikatika, saa husahau kila kitu na kurudi kwenye siku aliyoichagua mtengenezaji.

"Hii imekufa zamani sana, mzee," akasema. "Aliyekuwa anaitumia lazima alikuwa anasumbuliwa na F1 kila umeme ukirudi."

Niliketi. Maneno hayo ya F1 nilikuwa nimekwisha kuyasikia miaka mitano nyuma, kutoka kinywani mwa mtu ambaye sikumwamini.

Mwaka 2011, msomaji atakumbuka, nchi yetu ilikuwa katika mgawo mkali wa umeme. Mtaa wetu ulikuwa ukikosa umeme kila usiku wa Alhamisi. Chama kilikuwa na karani, binti mwenye umri wa miaka ishirini na kitu, mwepesi wa hesabu na mpole wa maneno. Akiba zilipokelewa Jumatatu, na mikopo ilitolewa Ijumaa. Mwisho wa robo ya mwaka tulihesabu sanduku, tukakuta pungufu ya shilingi 1,150,000. Ripoti ya kompyuta ilisema fedha zipo. Sanduku lilisema hazipo. Funguo alikuwa nazo karani na mhasibu, na mhasibu alikuwa mtu mzima mwenye heshima yake.

Tulimwita mbele ya kamati. Alilia, akasema hakuchukua kitu. Tulipomuuliza fedha zimekwenda wapi alisema hajui, ila mashine ilikuwa inamsumbua. Kila umeme ukikatika inamwandikia maneno ya kubonyeza F1, na tarehe inarudi nyuma, naye huirekebisha anapoiona. Nakumbuka mmoja wetu alivyocheka. Nakumbuka pia kwamba mimi ndiye niliyesema, "Kompyuta haikosei, binti. Hukosea watu." Nilijiona nimesema jambo la busara. Baba yake aliitwa kutoka kijijini, akauza ng'ombe watatu, akalipa. Binti akaondoka kazini, na mji mzima ukajua kwa nini.

Sasa, jioni ile mjini Shinyanga, nilifungua mafaili ya zamani yaliyokuwa bado ndani ya diski. Programu yetu ilikuwa ikiandika tarehe ya kila malipo kutoka kwenye saa ya mashine, na ripoti ya mwezi ilijumlisha malipo ya mwezi huo tu. Nikatafuta mwaka 2003, wakati ambapo chama hakijaanzishwa. Nikaikuta mikopo minne, imeandikwa vizuri, majina kamili, yote ya tarehe 1 Januari 2003. Nikajumlisha. Shilingi 1,150,000. Ilikuwa ya Ijumaa mbili ambazo binti yule hakuiona tarehe ilivyorudi. Fedha hazikuibwa. Zilikopeshwa kwa wanachama wenye haki ya kukopa, na hati zao walizotia sahihi zilikuwa kwenye faili, kabati ile ile, hatua tatu kutoka pale tulipoketi kumhukumu. Waliokopa walilipa, nasi tukapokea malipo yao bila kujiuliza mikopo yenyewe imeandikwa wapi.

Waswahili husema mbaazi akikosa maua husingizia jua. Methali hii huwasema wale wanaotupa lawama mbali na nafsi zao. Lakini kuna jambo jingine ndani yake. Mbaazi haikutafuta sababu ya kukosa maua. Ilitafuta wa kulaumiwa. Kutafuta kosa ni kazi moja, na kutafuta mkosaji ni kazi nyingine kabisa, ingawa zinafanana kwa mbali na mara nyingi huanza na swali lile lile: kwa nini? Anayetafuta kosa hujiuliza, "Jambo hili limetokeaje?" Anayetafuta mkosaji hujiuliza, "Ni nani?" na akipata jina moyo wake hutulia, na upelelezi huishia hapo.

Sisi wa kanda hii hatuna haja ya kwenda mbali kupata mfano. Katika kikao kile cha mwaka 2011 mzee mmoja alipendekeza aitwe mganga apige ramli ili mwizi ajulikane. Tulimzomea. Tulisema sisi ni watu wa maendeleo. Na kweli ramli imetuletea msiba mkubwa Usukumani. Kwa miaka mingi vikongwe wameuawa Shinyanga, Mwanza na Geita kwa kudhaniwa wachawi, na moja ya dalili walizohukumiwa nazo ni macho mekundu. Mtoto akifa, ng'ombe akifa, mganga huulizwa ni nani, naye hutoa jina.

Lakini mtu angesikiliza kwanza na kupima, macho yale yangemwambia nini? Yangemwambia kwamba bibi huyu amepika maisha yake yote katika nyumba isiyopitisha moshi. Anapika kwa kinyesi kikavu cha ng'ombe, kwa mabua ya mtama na kwa miti ya pamba, kwa kuwa kuni hakuna. Kuni hazipo kwa sababu miti ilikwisha. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliongoza kazi kubwa ya kufyeka vichaka vya Shinyanga ili kuangamiza mbung'o, na baadaye mashamba ya pamba na mifugo mingi vikamaliza sehemu kubwa ya yaliyobaki, hata ikabidi mwaka 1986 uanzishwe mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga kuirudisha miti na kufufua ngitili, zile hifadhi za malisho za wazee wetu. Basi wekundu wa jicho la bibi ulianzia kwenye shoka la miaka mingi iliyopita. Dalili huonekana mahali pamoja na kosa hukaa pengine, kama vile kioo kilivyokuwa cheusi wakati uchafu ulikuwa kwenye vijino vya kumbukumbu.

Vivyo hivyo kwa ndugu zetu wenye ualbino, waliowindwa tangu miaka ya 2006 na 2007 kwa imani kwamba viungo vyao huleta bahati, ikiwa ni pamoja na bahati ya dhahabu. Mchimbaji aliyekosa mwamba hakuambiwa kwamba mwamba hauko pale. Aliambiwa atafute mtu. Mwezi wa Septemba 2009 Mahakama Kuu ilipoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua kijana mwenye ualbino wa Bukombe, na Januari 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli. Huko Buhangija, katika manispaa yetu ya Shinyanga, watoto wenye ualbino walipokelewa na kuishi shuleni, mbali na wazazi wao, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na usalama.

Sisemi kwamba kamati yetu ilikuwa sawa na wauaji hao. Hatukumwaga damu, na ningekosa adabu kwa wafiwa kama ningelinganisha misiba yao na ng'ombe watatu. Ninachosema ni kwamba njia ya kufikiri ilikuwa moja. Tulimcheka mpiga ramli, kisha tukaipiga ramli sisi wenyewe, kwa karatasi za kompyuta badala ya vibuyu. Tulipata jina, tukatulia.

Na kosa hili huweza kwenda upande wa pili pia. Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu zikavurugika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, marufuku iliyochukua miaka mingi kulegezwa. Mashine ikabeba lawama. Lakini mashine hufanya ilivyoagizwa, na hesabu zilizoingizwa vibaya hutoka vibaya. Huko mashine ilihukumiwa, na kwetu mashine iliaminiwa kupita binadamu. Pote wawili mtu alichagua mshtakiwa mapema. Kauli yangu ya kwamba kompyuta haikosei ilikuwa imani tupu, isiyopishana na ya yule anayesema mganga hakosei.

Kwa hiyo nijibu swali nililoanza nalo. Kutojua hakumtii mtu hatiani, kwa maana hakuna anayejua kila jambo. Sikuwa na wajibu wa kujua habari za betri. Hatia yangu iko mahali padogo zaidi na paonekanapo wazi. Binti aliniambia kosa lilipo, kwa maneno yake mwenyewe, nami nikayasikia kama udhuru. Sikumwambia, "Twende utuonyeshe." Kuzima umeme na kuuwasha kungechukua dakika mbili. Kusoma hati za robo moja ya mwaka kungechukua asubuhi moja. Asiyejua na hakuwa na njia ya kujua, namwona hana lawama. Asiyejua kwa sababu alikataa kupima, huyo kutojua kwake amekutengeneza mwenyewe, na atakujibia.

Na tulikataa kupima kwa nini? Nimejiuliza sana. Nadhani ni kwa sababu kupima kungemgusa kila mmoja. Kungeonyesha kwamba kamati haisomi hati, kwamba mhasibu anatia sahihi asichokitazama, kwamba tulinunua mashine bila kuuliza umri wake. Jina la karani lilituokoa sote. Mkosaji akipatikana mapema, wengine wote hupumua.

Nilichapisha kurasa zile nne, nikapanda basi kwenda Geita. Kamati mpya haikufurahi. Walisema mambo yamepita, na wengi wa waliohusika wamehama. Ilihitaji vikao viwili, na mimi kutoa mbele yao sehemu yangu kwanza, ndipo wakakubali kurudisha fedha zote. Wakakubali pia kwamba kila siku ya mikopo karatasi isomwe pamoja na mashine, na watu wawili watie sahihi. Betri mpya ya mashine yangu haikuzidi bei ya soda chache. Niliongeza pia kumbukumbu, baada ya kijana kunionyesha kwamba pengo la ukingoni lazima lilingane, kwani aina moja haiingii mahali pa nyingine. Na kwa kuwa Windows XP iliachwa na watengenezaji wake tangu tarehe 8 Aprili 2014, tuliweka diski nyingine yenye mfumo wa Linux, ambao hauuzwi. Mjukuu akapata kompyuta yake. Diski ya zamani niliifunga kwenye kitambaa, ninayo hadi leo.

Yule binti nilimkuta Katoro, akiuza nguo sokoni, na mtoto mgongoni. Aliniona kabla sijamwona.

"Shikamoo, baba," akasema.

Niliitikia marahaba kwa shida. Nikamweleza yote, nikampa kurasa zile. Alizisoma polepole, akiteremsha kidole kwenye tarehe, kama alivyokuwa akifanya kazini.

"Niliwaambia," akasema, na hakuongeza neno.

Tulikwenda pamoja kijijini kwa baba yake. Mzee alitukaribisha, akaleta viti chini ya mti, akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo mimi sikumfanyia mwanawe. Nilimwomba radhi, nikamkabidhi shilingi 1,150,000. Akazihesabu mara mbili. Kisha akanitazama, si kwa hasira, akaniuliza kama mtu anayetaka kweli kusaidiwa hesabu: wale ng'ombe watatu walikuwa mitamba, katika miaka mitano, wangekuwa wamezaa mara ngapi?